Ukimuona askari usikimbie: namna ya kumfundisha mwanafunzi kukutana na polisi na kuzijua haki zake

Jioni moja, magharibi ikikaribia, watoto wa darasa la sita waliokuwa wakirudi kiwanjani waliiona difenda ya polisi ikipinda kona na kupunguza mwendo. Hawakuwa wameangua nazi ya mtu wala kupigana. Walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na mmoja wao akatumbukia mtaroni akavunjika mkono. Kumbe askari walisimama kuuliza nyumba ya sheha, kiongozi wa mtaa, iko wapi.

Mtoto yule nilikuwa nikimsomesha mimi. Nilipokwenda kumtazama kwao nikamuuliza alikimbia nini. Akanishangaa: "Mwalimu, si askari wale!" Kwake jawabu limekwisha hapo.

Tangu siku hiyo kila mwaka natenga vipindi sita vya dakika 40, kimoja kwa wiki, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili, kwa somo hili tu. Hapa naeleza ninavyolisomesha, na pale nilipokosea, kwa ajili ya walimu wenzangu wa Unguja na Pemba, maustadhi wa vyuo vya Kurani, na mzazi yeyote atakayetaka kulifanya nyumbani baada ya chakula cha usiku. Jambo moja ndilo lililonisukuma: mtoto anayemkimbia askari barabarani ndiye huyo huyo ambaye hatamwendea askari siku atakapodhalilishwa. Woga ni mmoja, na wakosaji wanaujua vizuri kuliko sisi.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee kabla ya kukaa na watoto

Mwaka wa kwanza niliiruka hatua hii, nikajuta. Nilisomesha kipindi kimoja, kesho yake mzazi akaja skuli akitaka kujua kwa nini namfundisha mwanawe "mambo ya polisi". Alidhani namtayarisha kwa siasa.

Basi anza na mwalimu mkuu, kisha kamati ya skuli, kisha sheha. Sheha asiachwe nje, kwa sababu siku mtoto akipata tatizo yeye ndiye atakayegongewa mlango, na mara nyingi polisi wenyewe humpitia yeye kwanza. Waeleze unachotaka kusomesha, kipindi kwa kipindi. Msimu wa kampeni za uchaguzi liache kabisa. Subiri muhula mwingine.

Kisha ita wazazi, na uwaombe jambo moja tu: waache kumtumia askari kama zimwi. "Kula, la sivyo namwita askari akuchukue." "Nyamaza, polisi yule anakuja." Sote tumelelewa nayo hiyo, na mtoto wa miaka minne haoni mzaha ndani yake. Anakua nayo, na akifika miaka kumi anatumbukia mtaroni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vijitabu vingi vya haki za mtoto hulipita kimya. Kwa baadhi ya wazazi wa Pemba, woga wa polisi hawakuupata kwa kuhadithiwa. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi wakafa, watu zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Kijana wa mwaka ule leo ana mtoto darasani kwangu. Ukimwambia mzazi wa namna hiyo kwamba woga wake ni upuuzi, umeshampoteza, na mtoto wake umempoteza. Mimi husema hivi: yaliyotokea yalitokea, na ndiyo sababu nataka mwanao ajue cha kusema na cha kudai, asibaki na miguu yake tu. Sijapata mzazi aliyelikataa hilo.

Hatua ya pili: nani ni nani katika sare

Hili ni la kipindi kimoja, wala halihitaji maneno mengi. Kwa mtoto wa kwetu kila mwenye buti ni askari. Waandikie ubaoni. Polisi ni Jeshi la Polisi la Tanzania, jeshi la Muungano, na kwa hapa linaongozwa na Kamishna wa Polisi Zanzibar, makao yake makuu yakiwa Ziwani. Kisha kuna vikosi vya Serikali ya Mapinduzi: KMKM wa kuzuia magendo, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto, na askari wa Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Halafu kuna askari wa manispaa na mabaraza ya miji. Watoto wa mjini huongeza walinzi wa mahoteli, na wana haki ya kuuliza.

Mtoto haimlazimu kujua mamlaka ya kila kikosi. La kumtosha ni kwamba mashauri ya jinai huandikwa kituo cha polisi, na kwamba askari polisi mwenye sare ana jina au namba kifuani. Wafundishe kuisoma na kuikariri. Mimi huandika namba za kubuni kwenye vipande vya karatasi, nikavibandika vifuani mwa wanafunzi watano, nikawapitisha mbele ya darasa na kuwatoa nje, kisha nauliza nani alivaa ipi. Mwanzo hakuna anayekumbuka hata moja. Mara ya tatu darasa zima linakumbuka.

Asiye na sare na anayesema ni askari? Mtoto amuombe kitambulisho kwa adabu, na asiondoke naye peke yake. Kama panapo duka, msikiti au baraza ya watu karibu, aseme: "Twende pale kwa wazee." Askari wa kweli halimuudhi hilo.

Hatua ya tatu: mwili kwanza, ulimi baadaye

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, vipindi viwili vizima, na vyote nje, chini ya mwembe.

Sianzi na haki. Naanza na miguu. Mtoto akisikia "Wewe, simama!", asimame. Asikimbie, asijifiche nyuma ya mwenzake, asitie mkono mfukoni wala mkobani. Mikono ionekane. Ageuke amtazame anayemwita. Asalimie kama anavyomsalimia mtu mzima yeyote: "Shikamoo, afande", au "Assalaamu alaykum". Salamu hushusha sauti za watu wawili kwa pamoja, ya mtoto na ya askari.

Kisha sentensi tatu. Ni hizi, nazo nimezipunguza kutoka kumi:

"Jina langu ni fulani, nina miaka kumi na mbili, nasoma skuli fulani."

"Naomba kujua nimekosa nini."

"Naomba mzee wangu aitwe."

Ya kwanza inataja umri kwa makusudi, maana umri ndio ufunguo wa haki zake nyingi, na mtoto mrefu wa miaka kumi na mitatu huonekana kijana wa kumi na tisa. Ya pili ni ombi, lakini ombi lililoegemea haki. Ya tatu ndiyo nguzo. Asiyekumbuka kitu kingine chochote akumbuke hiyo.

Kila mwaka hutokea mtoto anayetaka kuongeza ya nne: "Mimi najua haki zangu!" Namwambia aitie mfukoni. Neno hilo likitoka kwa mtoto na kumfikia mtu mzima aliyechoka, aliyesimama juani tangu asubuhi, linasikika kama tusi. Tena huna haja nalo, kwa kuwa sentensi ya tatu imeshasema yote.

Baada ya hapo tunaigiza. Mfano ninaoupenda ni wa msimu wa karafuu, kwa kuwa kwetu Pemba hakuna mtoto asiyeujua. Mtoto ametumwa na bibi yake apeleke pakacha la karafuu kwa ami yake, kijiji cha pili, kwa baiskeli. Njiani kuna kizuizi. Karafuu kwa sheria huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya kuvusha bahari ni kosa linalofuatiliwa kwelikweli, kwa hivyo askari ana sababu ya kuuliza.

"Wewe, simama! Umebeba nini?"

"Shikamoo, afande. Nimebeba karafuu."

"Za nani? Umeiba wapi?"

"Za bibi. Jina langu ni Fulani bin Fulani, nina miaka kumi na mbili, nasoma darasa la sita. Bibi kanituma kwa ami."

"Muongo wewe. Panda garini."

"Naomba kujua nimekosa nini, afande. Naomba mzee wangu aitwe. Sheha wetu anatujua."

Mtoto hapa hakudanganya hata neno moja. Hilo nalisisitiza kuliko yote. Ana ruhusa ya kunyamaza, ana ruhusa ya kusema "nitajibu mzee wangu akifika", lakini asitunge uongo ili ajiokoe. Uongo mdogo wa mtoto, kwa mfano kusema karafuu ni za jirani kwa kuwa anaogopa bibi atakamatwa, ndio unaogeuza suala la dakika mbili kuwa la siku nzima.

Wanafunzi wanaopewa nafasi ya askari huwa wakali ajabu. Wanapiga makelele, wanasukuma, mmoja alichukua fimbo ya mwembe. Usiwazuie mara moja. Simamisha mchezo, uliza: "Askari huyu umemuona wapi?" Majibu yao yatakufunza zaidi ya warsha nyingi. Kisha wabadilishane, aliyekuwa askari awe mwenye pakacha. Mchezo wa pili huwa mtulivu zaidi bila ya mimi kusema lolote.

Igizeni na mengine: trafiki anayesimamisha daladala waliyopanda, kundi linalotoka mpirani usiku, mtu asiyejulikana anayemwambia mtoto "nishikie kifurushi hiki, nakuja sasa hivi". Hilo la mwisho ni kubwa kwa watoto wa mjini na wa karibu na bandari. Wanaouza dawa za kulevya wanajua mtoto hatiliwi shaka. Jawabu ni moja tu: "Siwezi, nimetumwa haraka," na miguu itembee. Hapa, kwa mara moja, kukimbia kunaruhusiwa.

Hatua ya nne: haki zenyewe, na makosa ya kunakili

Mwalimu, tahadhari kabla hujachukua kitu kutoka mtandaoni. Vijitabu vingi vya Kiswahili vya haki za mtoto vimeandikwa kwa Tanzania Bara, vinafuata Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwetu sheria ni nyingine: Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011. Polisi ni wa Muungano, lakini sheria ya jinai, sheria ya mwenendo wa jinai, waendesha mashtaka na mahakama zinazomhusu mtoto huyu ni za Zanzibar. Nimeshakuta bango la skuli limeandika kwamba mtoto huanza kuwajibika kwa kosa la jinai akiwa na miaka kumi. Hiyo ni hesabu ya Bara. Zanzibar ni miaka kumi na miwili, na kati ya kumi na miwili na kumi na minne lazima ithibitike kwamba mtoto alikuwa na uwezo wa kufahamu kuwa alitendalo ni kosa. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka kumi na minane.

Watoto wakisikia "chini ya kumi na mbili hashitakiwi" macho huwang'aa, na wa nyuma huanza kupanga njama. Waeleze papo hapo: kutoshitakiwa si kusahauliwa. Wazee wataitwa, Ustawi wa Jamii wataingia, na embe za watu zitalipwa.

Haki ninazowasomesha ni chache, kila moja na mfano wake.

Kuambiwa kosa. Anayekamatwa aambiwe kwa nini, kwa lugha anayoifahamu.

Kutohesabiwa mkosaji mpaka mahakama iseme. Katiba ya Muungano imeliweka katika Ibara ya 13(6)(b), na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalilinda. Mfano wangu ni wa darasani: kalamu imepotea, wote mnamtazama aliyekaa karibu. Mmeshamhukumu.

Kutopigwa wala kuteswa. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba hiyo ya Muungano inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kudhalilishwa. Hapa utaulizwa kuhusu bakora za skuli, jitayarishe. Mimi nilijibu kwamba hilo wakamuulize wenyewe mwalimu mkuu, na nikapata maneno yake baadaye ofisini.

Kutolazimishwa kukiri. Maneno "kubali tu, uende nyumbani" wayajue mapema na waogope utamu wake.

Mzazi au mlezi kuarifiwa na kuwapo anapohojiwa. Akikosekana, afisa ustawi wa jamii.

Kutochanganywa na watu wazima mahabusu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema kumzuia mtoto kuwe njia ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo.

Msichana kupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Hii waambie wavulana pia, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa na dada zao njiani. Mkoba wa skuli ukitaka kupekuliwa, mtoto asiung'ang'anie. Aufungue mwenyewe mbele ya watu, aseme kilichomo, na akumbuke nani alishuhudia.

Simu nazo zimezua maswali mapya. Katiba ya Muungano inalinda faragha, katika Ibara ya 16, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku kwetu, na picha chafu ya mwenzako iliyotumwa kwenye kundi la darasa inaweza kukupeleka kituoni kwa kosa zito. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hawakuwa wakilijua hilo hata kidogo. Walikuwa wakidhani kosa ni la aliyepiga picha peke yake.

Hatua ya tano: siku mtoto akifikishwa kituoni

Chora kituo ubaoni: mlango, benchi, kaunta, vyumba vya ndani. Mtoto aliyekwisha kukiona kichwani haogopi sana akikiona kwa macho. Kaunta ndiko taarifa zinakoandikwa na ndiko mlalamikaji anakopewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Nambari hiyo iandikwe, isikaririwe tu, kwa kuwa ndiyo itakayoulizwa kila ukirudi.

Hapa somo ni la mzazi zaidi ya mtoto, kwa hiyo nalitoa kwenye mkutano wa wazazi.

Ukipigiwa simu, chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto au nakala yake. Mtoto hana kitambulisho cha Mzanzibari, na bila cheti utabishana kuhusu umri hadi usiku wa manane. Nenda na mtu mmoja mtulivu. Si ukoo mzima. Nimeona watu kumi na wanne mlangoni mwa kituo na shauri likaharibika kabla halijaanza. Salimia, jitambulishe, uliza mambo manne: mtoto yuko wapi, ni mzima, anatuhumiwa nini, na nani anashughulikia shauri lake. Omba umuone. Omba Dawati la Jinsia na Watoto lihusishwe, kwani vituo vikubwa vinalo na askari wake wamefunzwa kuzungumza na watoto.

Maelezo yanapoandikwa, kaa na mwanao. Akimaliza, asomewe yote. Kama kuna neno hakulisema, lirekebishwe kabla ya saini. Mtoto asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Wanafunzi hulizoea hili kwa urahisi tukilifanya mchezo: namwandikia mtoto "maelezo" yake nikichomeka sentensi moja ya uongo, kisha naona kama ataikamata kabla ya kusaini. Wengi husaini bila kusoma. Mara ya pili hawasaini.

Dhamana hailipiwi. Mdhamini hujaza fomu, hatoi pesa mezani, na anayeomba "ya soda" anaomba rushwa. Kama mtoto hakuachiwa, hesabu ya kuishika ni saa 24: aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani. Shauri la mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faragha, bila ya watazamaji.

Msaada wa sheria upo na wengi hawaujui. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinafanya kazi tangu 1992, kina ofisi Unguja na Pemba, na wasaidizi wake wa sheria wamo mpaka majimboni. Muulize sheha ni nani kwenu.

Na tafadhali, usiweke picha ya mtoto kwenye makundi ya simu ukiomba dua. Kesi itakwisha, picha itabaki.

Hatua ya sita: mtoto anapokuwa ndiye aliyetendewa

Ningeweza kuliweka hili mwanzo. Nimeliweka hapa kwa sababu mtoto aliyepita hatua zilizotangulia ameshazoea kusimama na kusema mbele ya mtu mzima, na bila ya mazoezi hayo kipindi hiki hugeuka hotuba.

Kesi za udhalilishaji wa kijinsia kwetu hazifi kwa kukosa sheria. Zinakufa kwa muhali. Aliyefanya ni ami, ni jirani, ni mtu wa msikitini, na wazee wanakaa ukumbini wanaoneana haya, sulhu inaletwa, mtoto anaambiwa anyamaze kwa heshima ya nyumba. Mwambie mtoto wazi: hii si siri ya nyumba. Amwambie mtu mzima mmoja, na akinyamazishwa amwambie wa pili, na wa tatu. Simu 116, ya msaada kwa watoto, ni bure na inafanya kazi Unguja na Pemba. Nawafanyisha zoezi la kuipiga kwa simu ya bandia: taja umri, taja ulipo, sema kilichotokea kwa maneno yako, hata kama ni maneno ya aibu.

Kwa mzazi na mwalimu: mtoto asiogeshwe. Ndiyo, kila mama atataka kumuogesha kwanza, ni jambo la huruma, na ndivyo ushahidi unavyokwenda na maji. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe ndani ya khanga kavu, si mfuko wa nailoni. Mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa Unguja au Chake Chake kwa Pemba, ambako daktari, mshauri na polisi wanapatikana pamoja, asilazimike kuhadithia mara nne katika ofisi nne. Dawa ya kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kwa hiyo wazee wakisema "tukutane Ijumaa baada ya sala tuzungumze", Ijumaa inaweza kuwa imeshachelewa.

Hatua ya saba: mwalike askari, lakini kwa mpango

Mwaka mmoja nilimualika askari bila kumtayarisha. Akazungumza dakika 35 kuhusu bangi, akauliza kama kuna swali, hakuna aliyenyanyua mkono, akaondoka. Kosa langu.

Sasa namwandikia Mkuu wa Kituo barua wiki mbili kabla, naomba askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na mmoja wao awe mwanamke. Maswali watoto wanayaandika bila majina, yanatiwa kwenye kopo la maziwa, nami nayapitia. Yale makali siyaondoi. "Kwa nini mnapiga watu?" ilisomwa kama ilivyoandikwa. Yule afande alinyamaza kidogo, akavua kofia, akasema wapo wanaokosea na akataja wapi pa kuwashitakia. Watoto walimpenda kuanzia hapo. Baada ya maswali, fanyeni lile igizo la pakacha la karafuu, yeye akiwa mtoto na mwanafunzi akiwa askari.

Hatua ya nane: askari akikosea

Haki haidaiwi barabarani. Mtoto aliyeonewa atii kwanza, arudi salama, kisha aseme. Siku hiyo hiyo mwandikie: tarehe, saa, mahali, namba ya askari au ya gari, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Kama ameumia, hospitali kwanza na fomu ya PF3, ile ya polisi kwa majeruhi, ijazwe. Halafu malalamiko yapande ngazi, kwa maandishi na nakala ubaki nayo: Mkuu wa Kituo, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Kamanda wa Mkoa. Nje ya polisi ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kwa rushwa ipo ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar.

Nimeona malalamiko matatu ya wazazi yakienda kwa njia hii. Moja lilijibiwa kwa kuombwa radhi. La pili askari alihamishwa. La tatu halikujibiwa, na mzazi yule bado ana nakala yake sandukuni.

Kadi ya mkobani

Kipindi cha mwisho kila mtoto anatengeneza kadi ya karatasi ngumu, kiasi cha kiganja. Upande mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, skuli, shehia, simu mbili za wazee (moja isiwe ya baba anayevua usiku, maana haipatikani). Upande wa pili: zile sentensi tatu, na chini yake 112 ya dharura na 116 ya watoto. Ifunikwe kwa plastiki, maana mvua za masika hazisamehi. Kadi zibadilishwe kila Januari, kwa sababu wazee hubadilisha laini za simu kuliko wanavyobadilisha nguo za sikukuu.

Wiki tatu baadaye, mstarini asubuhi, bila ya taarifa, naita mwanafunzi yeyote kwa sauti ya ukali: "Wewe, simama!" Anayesimama, akatoa mikono nje na kusema shikamoo, amepasi.